Darasa la programu la jioni, Tudor: usalama tangu somo la kwanza

Nimemaliza muhula katika chuo kidogo hapa Tudor, Mombasa, ghorofani juu ya duka la vifaa vya umeme, na kwa yeyote anayetaka kujifunza kuandika programu, naona hela yake haitapotea. Mimi ni karani kwa wakala wa forodha. Kutwa nashika vitambulisho vya wateja na PIN zao za KRA, yaani namba zao za kodi, kwa hiyo habari ya data kuvuja inanigusa.

Kwingine usalama huwekwa mwisho wa silabasi, ukapitiwa mbiombio mtihani ukikaribia. Hapa umo ndani ya kila somo. Tulipofika kwenye hifadhidata, mwalimu alituandalia fomu ya kuingilia iliyoandikwa kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, kisha akamwita binti wa mbele: "Mwanangu, nywila huijui. Hebu andika hivi." Binti akaandika ' OR '1'='1 penye nywila, akabonyeza, na ukurasa wa msimamizi ukafunguka. Kila mtu akataka kujaribu kwake!

Ndipo akaeleza: maneno ya mtumiaji yalikuwa yameunganishwa na amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, nayo hifadhidata ikashindwa kujua ipi amri, ipi data. Ikasoma "au 1 ni sawa na 1", jambo ambalo ni kweli daima, ikafungua. Tukaiandika upya, penye jina na nywila tukaweka alama za kuuliza. Amri hutangulia, data hufuata kando, na ile alama ya nukuu aliyoandika binti hubaki herufi tu. Hila hii imeelezwa hadharani tangu 1998, na mpaka leo wanafunzi wanafundishwa fomu yenye tundu lile lile. Inaniuma sana.

Nywila tulizihifadhi kwa bcrypt, njia ya kuzivuruga nywila zisisomeke, iliyofanywa nzito makusudi ili anayekisia achukue muda mrefu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iliguswa kidogo tu. Nilitaka zaidi, maana ndiyo inayotubana maofisini.

Kasoro kubwa ni noti. Zile fotokopi wanazouza bado zinahifadhi nywila kwa MD5, njia ya zamani iliyo nyepesi mno kwa anayekisia, na bado zinaunganisha maneno ya mtumiaji na amri. Mwalimu huzisahihisha ubaoni, lakini aliyekosa kipindi hubeba kosa nyumbani kama lilivyo, akaenda nalo kazini. Nimewaomba wazichape upya kabla ya muhula ujao, wakaahidi.

Ada hulipwa kwa awamu. Vipindi huanza baada ya Magharibi. Wahi kompyuta za dirishani, za ukutani huchukua muda kuwaka.