Kutoka vituo vinne hadi vitano: uzoefu wangu na mashine za kujazia risasi nyumbani

Nilikuwa uwanja wa shabaha na bastola yangu ya 9 mm. Nikavuta kifyatulio, na badala ya mlio nikasikia sauti ndogo kama kizibo kikichomoka kwenye chupa. Bastola haikupiga teke. Kwa mazoea mkono ulikwenda moja kwa moja kukoki upya, na hapo mwenzangu aliyesimama nyuma akanishika bega: "Acha! Usiguse." Tukatoa magazini, tukafungua chemba, tukapitisha kijiti chembamba mdomoni mwa mtutu. Kiligota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama humo ndani. Ningefyatua nyingine nyuma yake, mtutu ungeweza kupasuka mkononi mwangu.

Risasi ile niliitengeneza mwenyewe, kwenye mashine ya vituo vinne, yaani sehemu nne za kazi, ambayo sahani yake huzungushwa kwa mkono. Nilikaa siku kadhaa nikijaribu kukumbuka kilichotokea, hadi nikakipata. Katikati ya kazi niliitwa. Kabla ya kuinuka nilikuwa nimeshazungusha sahani inayobeba maganda, vile vikopo vya metali vinavyotiwa baruti, kutoka kituo hadi kituo. Niliporudi, nikaizungusha tena. Ganda lililokuwa linangoja baruti likaruka kituo chake na kwenda kuvikwa kichwa likiwa tupu; fataki yake, kile kidonge cha kitakoni cha kuwashia baruti, ndiyo peke yake iliyosukuma kichwa hadi mtutuni. Ganda la mbele yake likatoka bila kichwa, baruti ikamwagika kwenye kisanduku. Niliona baruti ile! Nikaifuta, nikaendelea, wala sikujiuliza ganda la nyuma yake limekwenda wapi.

Sitaji jina la mashine ile wala la hii ninayotumia sasa, kwa sababu ninayoyasema yanahusu aina na si kampuni.

Kwa anayeanza kufikiria jambo hili: mashine ya hatua moja, kama Rock Chucker ya RCBS, ina kalibu moja tu kwa wakati, yaani chuma kinachofanya kazi moja kwenye ganda. Unanyoosha maganda yote yarudi kwenye umbo lake, kisha unabadilisha kalibu, unarudia yote tena kwa kazi inayofuata. Mimi nilikuwa napata risasi kama 50 kwa saa. Mashine ya mfululizo hubeba maganda kadhaa kwenye sahani inayozunguka, kila ganda kwenye kituo chake: hapa linanyooshwa na kutolewa fataki iliyokwisha, pale linawekwa fataki mpya na baruti, pale kichwa, pale mdomo unabanwa. Sahani ikishajaa, kila ukivuta mkono wa mashine mara moja inatoka risasi moja kamili. Ndiyo maana watu wanaipenda, na ndiyo maana karibu kila anayeniuliza huanza na swali la kasi: inatoa ngapi kwa saa?

Mimi sasa naanza na swali jingine: ina vituo vingapi, na kile cha ziada nitakiwekea nini?

Dillon RL 550 ni mfano unaojulikana wa vituo vinne vya kuzungusha kwa mkono. XL 750 ya kampuni hiyohiyo na Lock-N-Load AP ya Hornady zina vituo vitano, na sahani hujizungusha yenyewe unapovuta mkono. Kuna wanaopenda ile ya mkono, na wana hoja: hakuna kinachosogea mpaka wewe uamue, na ganda likikwama unasimama bila kuvuruga mengine. Lakini usipozungusha, unaweza kutia baruti mara mbili kwenye ganda lilelile. Ukizungusha mara mbili, yanakupata yaliyonipata mimi. Kipimo cha baruti cha risasi ya 9 mm mara nyingi hakifiki nusu gramu, na baruti nyingine ni nzito kiasi kwamba hata vipimo viwili vinaenea ndani ya ganda bila kumwagika. Macho yakichoka, hayaoni.

Kituo cha tano ndicho nilichohamia kwa ajili yake. Kati ya baruti na kichwa nimeweka kipima baruti: kijiti kinachoshuka ndani ya ganda na kuinuka hadi kimo fulani. Nikivuta mkono, jicho linakwenda kwenye alama yake kabla sijaweka kichwa. Vipo vya namna nyingine pia. Cha Dillon hupiga king'ora, na kile cha RCBS hufunga mkono wa mashine usiendelee. Vyote vinakamata kosa kubwa, yaani ganda tupu au lililojazwa maradufu. Tofauti ndogo ya sehemu ya greni, kipimo kidogo cha uzito kinachotumika kwa baruti, havitaiona, kwa hiyo mizani haiondoki mezani. Kila baada ya risasi 25 hivi natoa ganda moja na kupima baruti yake, na kiasi chenyewe sikikisii: nafuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti, nikianzia kipimo cha chini.

Mashine yangu ya sasa nayo ina kero zake. Mwanzoni sahani ilikuwa inasimama kwa kishindo, na chembe za baruti zikirukia nje ya maganda mafupi. Ilinichukua jioni nzima ya kurekebisha skrubu mpaka ikazunguka kwa ulaini. Meza niliyoifungia ilikuwa nyepesi ikitikisika, nikaongeza mbao nene na boliti ndefu. Na taa! Usinunue mashine ya mfululizo bila kufikiria taa. Nimefunga kitaa kidogo juu ya sahani kinachomulika hadi kwenye kitako cha ganda, na kwangu kimesaidia kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Fataki ndizo zinazosumbua zaidi. Hukaa 100 kwenye mrija, moja juu ya nyingine, na moja ikilipuka zinaweza kufuatana zote. Ndiyo sababu mrija umezungushiwa bomba la chuma la kuukinga, na ndiyo sababu sivui miwani. Mkono wa mashine ukigoma kwenye kituo cha fataki, silazimishi kamwe. Mara nyingi nakuta ganda la kijeshi lenye alama ya NATO, ambalo tundu lake la fataki limebanwa kiwandani na lazima lisafishwe kwanza. Mara chache linaingia ganda la aina ya Berdan, lenye vitundu viwili pembeni badala ya kimoja katikati, na hilo huvunja sindano ya kutolea fataki. Siku hizi nachambua maganda yote kabla hayajafika kwenye mashine. Masizi ya fataki yana risasi, ile metali yenye sumu, kwa hiyo sili chochote mezani pale na nanawa mikono nikimaliza.

Kwa wingi ninaofikia, kama 300 kwa saa bila haraka, nimeridhika. Wapo wanaofika mbali zaidi kwa kuongeza mashine ya kulisha maganda. Sijaona haja.

Kama unajaza risasi 50 kwa mwezi, huhitaji mashine ya mfululizo. Hatua moja inakutosha, na inafundisha vizuri. Za bunduki ndefu bado nazitengeneza huko mimi mwenyewe, ganda moja moja, kwa sababu maganda yake yanahitaji kupakwa mafuta na kukatwa urefu.

Na nikiitwa katikati ya kazi siku hizi, siinuki mpaka nimemaliza mvuto. Nikirudi, naondoa maganda yote matano kwenye sahani, namwaga baruti yake, naanza upya na sahani tupu.