Samariamu iodaidi ya chupa: inamfaa nani katika utafiti wa vichocheo?

Anayebuni kichocheo cha kuvunja molekuli ya naitrojeni hawezi kukijaribu bila kemikali ya kukipatia elektroni, na samariamu iodaidi, kampaundi ya metali ya samariamu na iodini, imepata umaarufu mkubwa katika kazi hiyo tangu mwaka 2019. Mwaka huo kundi la Yoshiaki Nishibayashi wa Chuo Kikuu cha Tokyo lilionyesha kwamba kichocheo cha metali ya molibdenamu, kikipewa kemikali hiyo pamoja na maji au alkoholi, huzalisha amonia kutokana na naitrojeni katika joto la kawaida la chumba, hadi molekuli 4,350 kwa kila atomu ya molibdenamu. Kichocheo cha Richard Schrock cha mwaka 2003, ambacho nacho kilitumia molibdenamu, hakikufikisha hata molekuli 8.

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni ile inayouzwa ikiwa tayari imeyeyushwa katika kiyeyushi kiitwacho tetrahidrofurani, kwa kipimo cha moli 0.1 kwa lita, katika chupa ya mililita 100 yenye kizibo cha mpira kinachotobolewa kwa sindano. Ubora wake huonekana kwa macho: mmumunyo mzima ni wa buluu iliyokolea kama wino, na ukiguswa na oksijeni hugeuka manjano, jambo ambalo kwa mwanafunzi anayeanza ni msaada mkubwa, kwa sababu kosa la kuingiza hewa halijifichi. Hata hivyo, rangi peke yake isiaminiwe. Chupa moja tuliyoletewa ilikuwa na buluu ya kupendeza, lakini tulipoipima kwa iodini tulikuta nguvu yake iko chini ya ile iliyoandikwa kwenye lebo, na muuzaji, ambaye sina haja ya kumtaja, hakuwa na maelezo.

Tatizo kubwa zaidi limo katika hesabu. Kila molekuli ya amonia hudai elektroni tatu, na kila molekuli ya samariamu iodaidi hutoa elektroni moja tu; kwa hiyo chupa nzima, hata kama hakuna kinachopotea, haiwezi kutoa zaidi ya miligramu 57 hivi za amonia. Kwa kilo moja ya amonia zingehitajika takribani kilo 71 za samariamu iodaidi. Ndiyo maana siridhiki na ripoti zinazosifu idadi ya mizunguko ya kichocheo, yaani kimezalisha molekuli ngapi, bila kueleza elektroni zimegharimu nini. Kwa kupima kama kichocheo kipya kinafanya kazi, chupa hii inatosha kabisa. Kwa kuzungumzia mbolea, ambayo hutengenezwa kwa amonia nyingi, bado sana.

Maabara yenye boksi la argoni, yaani sanduku lililojazwa gesi hiyo ili hewa isiingie, na mtu mwenye mkono mtulivu itapata nafuu kwa kujitengenezea: unga wa samariamu na iodini hukorogwa katika tetrahidrofurani kavu, na rangi hupita kwenye manjano na kijani hadi buluu itulie. Isiyo na vifaa hivyo inunue, lakini iagize chupa ndogo ndogo, maana kizibo kikishatobolewa mara kadhaa hewa hupenya, na kinachobaki hakifai tena kwa kazi ya vipimo.