Steam au itch.io: gemu ndogo uzitafute wapi?

Steam, duka la gemu mtandaoni la kampuni ya Valve lililoanza 2003, humtoza mtengenezaji dola 100 kwa kila gemu, na kwa kawaida hukata asilimia 30 ya mauzo. Nguvu yake ni maoni ya wachezaji. Anayeandika lazima awe na gemu yenyewe kwenye akaunti yake, na saa alizocheza zinaonekana kando ya maneno yake. Mtu aliyecheza saa 60 kisha akakwambia usinunue, msikilize kwa makini kuliko yule wa dakika kumi. Ukijuta, omba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujafikisha saa 2 za kucheza.

Itch.io, iliyoanzishwa na Leaf Corcoran mwaka 2013, haina ada ya kuingia. Mtengenezaji mwenyewe hupanga asilimia atakayoiachia tovuti, hata sifuri. Ndiyo maana kazi fupi, za ajabu, za majaribio zimejaa huko. Nyingi ni za bure, na baadhi unazicheza ndani ya kivinjari bila kupakua chochote, nafuu kubwa kwa mwenye kompyuta dhaifu. Toleo la kwanza la Celeste, gemu ya kupanda mlima, lililotengenezwa kwa siku nne, bado lipo pale. Celeste kamili, iliyo kubwa zaidi, ilitoka 2018. Maoni ni machache, lakini mara nyingi mtengenezaji mwenyewe hujitokeza kujibu, na mazungumzo hayo nayapenda mno.

Kwa kugundua, nachagua itch.io. Kabla ya kulipa pesa ya maana, nasoma kwanza maoni ya Steam.