CD za PS4 Zilizotumika: Nilizozimaliza Karibuni na Nilivyozipanga

PS5, mrithi wa mashine ya gemu ya Sony iitwayo PlayStation 4 (PS4), ipo madukani tangu mwishoni mwa 2020, lakini sebuleni na kwenye vibanda vya gemu PS4 bado inapiga kazi, na CD zake zinazunguka mkono kwa mkono: Kariakoo, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa jirani anayehama. Wakaguzi wa Ulaya na Marekani hutoa alama kana kwamba kila nyumba ina intaneti isiyoisha. Mimi nimezipanga hizi kwa swali moja tu: ukiitumbukiza CD kwenye mashine na bando huna, unapata gemu nzima, na unaimaliza kwa raha?

Swali hilo lina sababu. PS4 haichezi gemu moja kwa moja kutoka kwenye CD. Inaikopi kwanza kwenye hadi diski, yaani hifadhi ya ndani ya mashine, halafu CD inakaa humo kuthibitisha tu kwamba unayo. Bila intaneti utacheza toleo lilelile lililochapwa kiwandani, na kasoro zake zote. Nafasi nayo ni finyu, maana mashine ya GB 500 inakuachia kama 400 za kutumia. Nafuu ni kwamba CD za PS4 hazina kufuli la nchi. Iliyotoka Dubai, Uingereza au Marekani inakubali. Ila nyongeza za kununua mtandaoni zinataka duka la eneo lilelile la CD, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazimo kwenye PlayStation Store, duka la mtandaoni la Sony, wengi wetu tumejisajili kwa akaunti za ugenini. CD ya Marekani na akaunti ya Uingereza haziongei kwenye nyongeza. Kwa hiyo toleo lenye kila kitu ndani ya CD nalipa heshima ya ziada.

1. God of War (2018)

Kama una hela ya CD moja tu, chukua hii. Kratos, baba mkali asiyejua kumkumbatia mtoto, na mwanawe Atreus wanabeba majivu ya mama kwenda kuyamwaga kwenye kilele cha mlima. Ndiyo stori yote, na inatosha. Kamera haikatwi hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo unatembea nyuma ya watu hawa wawili safari nzima, unasikia mzee anavyomwita mwanawe "boy" kwa sauti inayolainika kidogo kidogo bila mtu kukutangazia kwamba inalainika. Wakiwa kwenye mtumbwi ndipo mazungumzo yanapokolea. Ukifika gati kabla kisa hakijaisha, wanakikatisha, na ukipanda tena kinaendelezwa pale kilipoishia. Nilizunguka ziwa bila safari ili tu nimalize kusikiliza.

Shoka la Leviathan ndilo silaha tamu kuliko zote nilizoshika kwenye pedi. Unalirusha, linaganda kwenye adui, unabonyeza kitufe, linarudi kiganjani kwa kishindo. Maadui wakubwa wanajirudia mno, yale majitu hasa, na hiyo ni dosari ya kweli. Anayetaka kuteseka atawatafuta Valkyrie tisa waliofichwa, wapiganaji wa kike wenye mabawa. Asiyetaka atamaliza stori bila kumgusa hata mmoja.

Kwa mnunuzi: CD moja, hakuna nyongeza ya kununua iliyowahi kutolewa, kila kitu kimo. Kwenye CD za mwanzo utakachokosa bila intaneti ni ile nafasi ya kuanza upya ukiwa na silaha zako, iliyokuja baadaye kwa apdeti. Kasha jekundu la PlayStation Hits ni gemu ileile, usikubali kuongezewa bei kwa rangi.

2. Ghost of Tsushima (2020)

Mwaka 1274 jeshi la Wamongolia lilitua kisiwani Tsushima, na gemu inaanzia hapo, na samurai aliyenusurika akilazimika kupigana kwa hila ambazo mjomba wake anaziona za aibu. Mabishano ya mjomba na mpwa ndiyo moyo wa gemu. Mtu aliyelelewa na mjomba ataelewa haraka. Hakuna mshale wa kukuelekeza njia juu ya skrini. Unatelezesha kidole kwenye pedi, upepo unavuma kuelekea unakokwenda, unaufuata.

Inashika nafasi ya pili kwa sababu ya mashine zetu. Gemu hii inafunguka haraka hata kwenye PS4 ya zamani. Ukiuawa, unarudi uwanjani kabla hujashusha pedi. Ukipata Director's Cut ya 2021, toleo lililopanuliwa lenye kisiwa cha Iki, iwahi. Kazi za pembeni zinachosha kuanzia katikati, hasa kufuata mbweha hadi kwenye madhabahu. Ruka.

3. Uncharted 4: A Thief's End (2016)

CD rahisi kupata kuliko zote hapa, kwa kuwa iliuzwa pia pamoja na mashine zenyewe, na kwa hiyo ndiyo ninayomshauri aliyenunua PS4 wiki hii. Ni fupi, saa kumi na tano hivi, haina ujazo wa bure. Sisi wa mwambao tuna sababu ya ziada: sehemu kubwa inapita Madagaska. Unaendesha jipu kwenye matope mekundu na kupanda mlima kwa kuvuta waya wa winchi, kisha unakimbizwa na gari la deraya katikati ya soko la mji wa bandari, ngazi kwa ngazi, vibanda vikiparanganyika. Sijaona gemu nyingine kubwa iliyoiangalia Bahari ya Hindi kwa jicho hilo. Hazina inayotafutwa ni ya Henry Avery, haramia wa kweli aliyeteka meli ya Wamughal, watawala wa India, iitwayo Ganj-i-Sawai, mwaka 1695. Kupigana risasi ndiyo sehemu dhaifu, lakini ndugu wawili waongo, Nathan na Sam, wanakubeba.

Kwa kuwa imepita mikono mingi, kagua mgongo wa CD. CD hizi kwa kweli ni Blu-ray, na humo data iko karibu sana na uso wa chini, kwa hiyo mikwaruzo myepesi huvumilika ila mkwaruzo unaoushika kwa ukucha ni hasara. Mwambie muuzaji aiweke kwenye mashine na usubiri hadi ikopiwe yote. Kuona nembo mwanzoni hakutoshi, CD nyingi hugoma katikati.

4. Red Dead Redemption 2 (2018)

Kwa ukubwa wa kazi ingekuwa ya kwanza. Marekani ya 1899, genge la Dutch van der Linde linakimbia dola, na Arthur Morgan anaanza kumtilia shaka mtu aliyemfanya kuwa mtu. Sura ya kwanza, ile ya theluji, ni nzito kama kusukuma gari lililozama, vumilia. Baadaye utajikuta umekaa kambini jioni unasikiliza watu wakigombana na kuimba, misheni umeisahau. Kwa nini ya nne? Inakula karibu GB 100, robo ya mashine yako, na inakuja kwa CD mbili: moja ya kusakinisha, moja ya kuchezea. Zilizotumika mara nyingi zinauzwa na moja tu ndani ya kasha. Fungua kasha mbele ya muuzaji.

5. The Witcher 3: Wild Hunt (2015)

Nunua toleo la Game of the Year tu, lenye nyongeza zote mbili. Moja ya nyongeza hizo, Blood and Wine, peke yake ni gemu kamili. Unacheza mwindaji wa mazimwi, na kisa cha Baron mmoja mlevi na familia yake kimeandikwa vizuri kuliko stori nzima za gemu nyingi. Maandishi ni mengi, Kiingereza kikikusumbua utachoka. Na uwe na mazoea ya kuhifadhi mwenyewe, maana haijihifadhi mara kwa mara na umeme hauagi.

6. Marvel's Spider-Man (2018)

Kuruka kati ya maghorofa ya New York hakuchuji hadi mwisho. Misheni za kunyata za MJ, mpenzi wa zamani wa Spider-Man, zinachuja mapema. Zawadi nzuri kwa mdogo wako wa sekondari.

7. The Last of Us Part II (2020)

CD mbili tena, na ukatili ambao sitaki watoto waupite hata wakielekea jikoni. Imetengenezwa kwa ustadi wa kutisha, ila nilipoimaliza nilifarijika zaidi kuliko nilivyofurahi. Ina mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wenye ulemavu, hivyo kama mwenzako haoni au hasikii vizuri, ipandishe hadi nafasi ya pili.

Usinunue kwa PS4: Cyberpunk 2077. Ilipotoka Desemba 2020 hali yake kwenye PS4 ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani mwao, ikarudi Juni 2021. Ilikuja kutengenezwa, lakini matengenezo hayo yako kwenye intaneti, na CD ya mwanzo inabaki na ugonjwa wake. Nyongeza ya 2023, Phantom Liberty, haikuletwa PS4 kabisa. Bei yake ya chini ndiyo mtego.

Mpira nimeuacha nje ya orodha kwa sababu haumalizwi. Ila kama unatafuta CD ya kubishania na washkaji, FIFA 23 ndiyo ya mwisho yenye jina hilo, kisha ikawa EA Sports FC. Toleo jipya hutoka karibu kila Septemba, na wenye haraka ya vikosi vipya huanza kutupa la zamani. Subiri Oktoba, mwambie muuzaji bei yako, na usiiongeze.