Dar yangu ilikuwa Kariakoo tu

Nimeshona nguo Morogoro miaka kumi na minane, na miaka hiyo yote nimekuwa nikija Dar es Salaam kufuata vitambaa. Nashuka kwenye basi, naingia Kariakoo, nachukua majora Mtaa wa Uhuru, zipu na vifungo Mtaa wa Congo, mzigo unafungwa, nageuza. Bahari sikuwahi kuiona. Mwaka huu shoga yangu Mama Warda, mzaliwa wa Kilosa ambaye Dar alikuwa hajaikanyaga kabisa, alinibana: "Fundi, wewe kila mwezi uko mjini, unashindwaje kunionyesha mji?" Nilinyamaza, maana kweli nisingeweza. Tukakubaliana twende siku moja, asubuhi kwenda na jioni kurudi, bila kununua hata uzi. Naandika tuliyoyaona na tuliyoyalipia, kwa ajili ya mwenye mpango kama wetu.

Tulikwenda na SGR, treni ya reli ya kisasa. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Morogoro na Dar ilikuwa shilingi 13,000 treni hii ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, na sisi tulilipa hiyo hiyo. Tiketi inataka namba ya kitambulisho, kwa hiyo msiache kadi nyumbani. Fikeni stesheni ya Kihonda mapema. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, na treni haimsubiri mtu aliyeko njiani kama basi linavyosubiri. Milima ya Uluguru ilibaki nyuma yetu muda mrefu, kisha ikapotea. Basi hunichukua saa nne, na foleni ikikaza kati ya Kibaha na Kimara zinazidi. Treni ilitufikisha chini ya saa mbili, na miguu yangu haikuvimba. Mwanamke anayekaa kwenye cherehani siku nzima anajua hilo lina thamani gani.

Stesheni ya Dar imejengwa kwa umbo la jiwe la Tanzanite. Mama Warda alitoka nje akasimama kuitazama hadi watu wakaanza kumpita huku na huku. Madereva wa bajaji walitufuata, mmoja akatutajia shilingi elfu kumi kutupeleka Posta. Msikubali. Kutoka pale mpaka Posta ni mwendo wa miguu, unafuata Barabara ya Sokoine tu, na vitu vizuri vya mji wa zamani viko njiani humo humo. Tuliuliza kwa mama mmoja anayeuza maji, baada ya shikamoo akatuonyesha kwa kidole: "Nyookeni, wanangu, mpaka muone mnara wa kanisa."

Kabla ya kanisa kuna Boma la Kale, nyumba ya miaka ya 1860 kutoka enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, yule aliyeamua kujenga mji hapa palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na mlango ni wa nakshi. Nilipapasa nakshi zile kwa vidole kama ninavyopapasa tarizi, nikafikiria aliyekaa na patasi siku nyingi namna ile. Mbele kidogo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, halafu la Walutheri la Azania Front, yote ya wakati wa Wajerumani, na ujenzi wa yote mawili ulikamilika mwaka 1902. Azania Front ndilo lenye mnara na vigae vyekundu. Mbele yake ni maji. Hapo ndipo nilipoiona bahari kwa mara ya kwanza, nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja, meli kubwa ikipita karibu kiasi kwamba niliona mtu akitembea juu yake. Mama Warda alinishika mkono. Tukakaa kwenye ukingo hatusemi kitu.

Baada ya hapo tulifanya kosa, na nalisema ili lisiwapate wengine. Njaa ilituingiza kwenye mgahawa mmoja wa maeneo hayo, wenye viti vyeupe. Orodha ya vyakula haikuwa na bei, na sisi hatukuuliza. Chipsi na kuku tulizisubiri karibu saa nzima, zilikuja zimepoa, na bili ilipofika maji ya chupa mbili peke yake yalizidi bei ya chakula cha mchana cha watu wawili kwetu. Tulilipa, tukatoka. Ulizeni bei kabla hamjakaa, popote pale mjini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ukipandisha Mtaa wa Azikiwe unafika Sanamu ya Askari, katikati ya mzunguko wa magari wa Barabara ya Samora. Nilikuwa nimeisikia kila siku kwenye vinywa vya makondakta, nikidhani ni jina la kituo tu. Ni sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, ameinamia mbele na bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Iliwekwa mwaka 1927. Kabla yake pale palikuwa na sanamu ya gavana wa zamani wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, nayo iliondolewa Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916. Nilitazama kwanza kifundi, namna shaba ilivyokunjwa kwenye sare mpaka ukaona kitambaa. Halafu Mama Warda, ambaye macho yake ni mazuri kuliko yangu, akaanza kunisomea maandishi ya Kiswahili chini yake. Yapo kwa herufi hizi zetu na yapo kwa herufi za Kiarabu. Yanasema ni ukumbusho wa askari waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, na wa wote waliokufa katika vita ya 1914 mpaka 1918.

Aliposema wapagazi nilimwambia arudie.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa wa Matombo, kwenye Uluguru. Alitusimulia kwamba mjomba wa mama yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita ya Wazungu, akashuka mlimani na wenzake wa kijijini, na hakurudi. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto, ndiye ukoo wenyewe, kwa hiyo kupotea kwake kulikuwa pengo ambalo bibi, aliyezaliwa baadaye na hakumwona, alilisimulia kama limetokea juzi. Hakuna kaburi. Hatukujua alifia wapi, wala alimbebea nani, maana pande zote mbili zilikamata watu kule, na Morogoro yenyewe ilishikwa na Waingereza Agosti 1916. Wapagazi waliokufa katika vita ile ni makumi ya maelfu, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Na mimi miaka kumi na minane napita si mbali na jiwe linalomtaja.

Maandishi yale yanamalizia kwa kusema kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe halipo. Hakuna jina la mtu yeyote pale. Nilimpigia mama simu, nikamweleza niko wapi, Mama Warda akamsomea mstari kwa mstari, magari yanapiga honi. Mama alikaa kimya, kisha akalitaja jina lile kwa sauti, akalirudia mara tatu. Sikuwa nalijua. Sasa nalijua.

Nenda ukaitazame. Haina kiingilio. Vuka kwa uangalifu, magari hayatulii.

Kutoka hapo tulifuata Samora mpaka karibu na mwisho, tukakunja Mtaa wa Shaaban Robert, iliko Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Kama una siku moja tu Dar, hapa ndipo nakushauri utumie saa mbili kamili, na uingie ukiwa umeshiba. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, chini sana ya cha mgeni wa nje. Kwetu wawili hakikufikia bei ya yale maji ya mgahawani. Kijana aliyetutembeza alitupokea kwa "shikamooni, mama zangu" na hakutukimbiza hata mara moja, ingawa Mama Warda alikuwa na maswali ya darasa zima.

Tulianza na fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na Mary Leakey, la kiumbe aliyeishi kama miaka 1,750,000 iliyopita. Kijana alituonyesha magego yake mapana, ya kusagia vyakula vigumu. Zinj, alitueleza, ni jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu, ndilo limo ndani ya jina Zanzibar pia. Mama Warda aliuliza kwa nini mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru haipo hapa, maana mwanawe alisoma habari zake shuleni. Jibu ni kwamba iko Berlin. Wajerumani waliichimba Lindi kati ya 1909 na 1913 na kuisafirisha. Hakuridhika na jibu hilo, na mimi pia sikuridhika. Kutoka kule Tendaguru mpaka pwani ya Lindi mifupa ile ilibebwa na nani? Ilibebwa mabegani na vichwani, na wapagazi.

Kwenye chumba cha Kilwa nilikaa muda mrefu kuliko wote. Kuna vyombo vya kaure kutoka China, kuna ushahidi wa mji uliofanya biashara na dunia karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Mimi ni mtu wa biashara ndogo ya vitambaa vinavyotoka China, na nilidhani safari hiyo ya bidhaa imeanza na wenye maduka ya Kariakoo. Sehemu ya ukoloni na Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ilitunyamazisha. Ya magari nilipita haraka, ila kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere, na wanaume waliokuwemo walikuwa hawatoki hapo.

Uani kuna ukumbusho wa waliouawa na bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Kwa hapa Dar walikuwa watu kumi na mmoja. Mama Warda alikuwa msichana wa shule mwaka ule, anakumbuka redio ya jirani. Tulisimama pale kidogo, tukaenda.

Nilimuuliza yule kijana habari za wapagazi, akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka nyumbani. Kariakoo, alisema, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, waliokuwa na kambi yao pale. Watu wakalitamka kwa midomo yao na jina likakaa. Nikawaona vijana wa Mtaa wa Congo wanaonibebea majora yangu kichwani na kwenye matoroli, ambao huwa nabishana nao kwa ajili ya shilingi mia tano. Sibishani nao tena.

Jioni tulishuka Feri. Hapa ndipo mahali pa kula, si kwenye viti vyeupe. Unaingia soko la samaki, unasikia madalali wa mnada, unachagua samaki wako, unawapa wanaoparua, kisha unapeleka kwa wanaokaanga kwenye makarai makubwa juu ya moto wa kuni. Tulichukua changu wawili na vipande vya pweza. Kila hatua tuliuliza bei kwanza. Mama mkaangaji alituambia, "Kaeni, dada zangu, nawaletea wa moto," na alituletea wa moto kweli, na ndimu na pilipili, ngozi inavunjika mdomoni. Chini ni maji na magamba, vaeni viatu vya kufunga, na khanga ya kujifunika nguo haikosi kazi. Wali tulinunua pembeni. Sijala samaki kama wale Morogoro, maana kwetu wanafika wakiwa wamelala barafuni siku mbili.

Kivuko cha Kigamboni kiko hapo hapo, shilingi 200. Tulivuka na kurudi bila kuwa na shughuli yoyote ng'ambo. Nilishika chuma kwa mikono miwili wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi niliachia mkono mmoja, nikaona mji wote kutoka majini, maghorofa marefu na chini yake mnara mdogo mwekundu wa Azania Front.

Treni ya kurudi tuliikuta imewashwa taa. Mama Warda alilala kabla ya Pugu. Mama yangu anataka kupelekwa kwenye ile sanamu, akaguse maandishi mwenyewe, na magoti yake hayawezi mwendo wa basi, kwa hiyo ni treni tena. Nimeanza kuweka elfu mbili kila Jumamosi kwenye kopo la vifungo, na shule zikifungwa tutakuwa watatu.