Nimetoa ranifleti kwenye BMW yangu, sasa nasikia mpaka biki ikigonga kwenye droo

Wenye haraka mnaouliza kama gari inanyamaza ukitoa ranifleti, zile tairi zinazotembea hata upepo ukiisha, nawapa jibu kabisa: ndiyo, imenyamaza, tena sana, na kwenye ranifleti sirudi hata nikipewa za bure. Wenye muda kaeni, maana kuna mambo niliyaona kwa hasara.

Gari yangu ni BMW 116i, ile ndogo ya milango mitano ya F20, imetoka Japani, nikaichukua Dar kwa mtu aliyekuwa amechoka nayo. Na mimi naishi Mtwara, kazi yangu ni kukagua hesabu za vyama vya msingi vya ushirika, kwa hiyo msimu wa korosho ukifunguka mi nyumbani silali, leo Tandahimba, kesho Newala, keshokutwa Masasi. Watu walinicheka sana, dada na akili zako unanunua BMW huku kusini, ungechukua Toyota IST ukapumzika. Nikawaambia roho inapenda, na ushuru nshalipa.

Sasa hii gari ilikuja na tairi za ranifleti zote nne, saizi 205/55R16. Kwa asiyezijua, ni tairi ambazo ubavu wake umeongezewa raba nene ndani, upepo ukiisha tairi hailali, unaendelea na safari mpaka kama kilomita 80, mradi usizidi spidi 80. Ndo maana hizi gari nyingi hazina spea, ukifunua zulia la buti unakuta betri na vikorokoro vyake, tundu la tairi hamna. Ukitaka kujua zako ni za aina gani soma ubavuni, Bridgestone wanaandika RFT, Continental SSR, Michelin ZP. Nimekutana na watu wana hizo tairi miaka miwili na hawajui.

Wazo ni zuri, sibishi. Shida ni kwamba ubavu wa tairi ndo godoro la kwanza la gari, kabla ya springi na shokapu. Ukishaufanya mgumu, kila kokoto inakupigia hodi kiunoni. Barabara ya Mtwara Lindi ni lami, ila lami yenye viraka, na kila kiraka nilikuwa nakihesabu. Halafu kelele. Ukifika 80 unasikia mngurumo kama umekaa jirani na mashine ya kusaga, haupandi haushuki, upo tu. Siku moja nikampeleka mama Lindi kwenye shughuli, tumepita Mikindani tu akaniuliza hivi hili gari lako la Wajerumani mbona linanguruma kuliko Noah ya mjomba wako. Nikajidai sijasikia. Na kweli nilikuwa sijasikia vizuri, ilibidi arudie.

Nilivumilia karibu mwaka mzima kwa sababu nilijua nimelipia usalama. Mwanamke peke yangu barabarani, saa nyingine giza limeingia, tairi isiyonisimamisha porini ni kitu cha kushika. Mpaka siku yenyewe ilipofika.

Nilikuwa natoka mjini naelekea Tandahimba, lami ya Mnivata imeisha, niko kwenye vumbi na changarawe, taa ya tairi ikawaka kwenye dashi. Nikashuka, nikazunguka gari, tairi zote zimesimama vizuri, hamna iliyolala. Hapo ndo ranifleti inakuchanganya, haikuonyeshi kwamba imeisha upepo. Nikazigusa moja moja, ya nyuma kushoto ya moto kama sufuria. Nikageuza. Nikatembea 50, saa nyingine 60, hazadi zinawaka, mpaka Mtwara mjini nimefika bila kushuka tena. Kwa hiyo niseme haki, tairi ilifanya kazi yake kama ilivyoahidi.

Kesho yake ndo kasheshe. Fundi pancha wa kwanza akaitazama akasema dada hii siigusi, nikivunja rimu utanidai. Wa pili mwenye mashine akaitoa kwa jasho, akaniita nione ndani: ubavu umesagika, unga mweusi umejaa kama masizi ya chungu. Akasema hii haizibwi, hata ukinilazimisha. Na alikuwa sahihi, ranifleti ikishatembezwa bila upepo huwezi kujua huko ndani imeumia kiasi gani, msumari ni kitundu tu ila ubavu ndo umekufa. Haya, nipe nyingine. Mtwara nzima hamna. Lindi hamna. Dar ipo moja, inakuja na basi, bei yake ukiisikia unakaa chini. Siku nne gari iko juu ya tofali. Na hiyo barabara ikiwa nzima, nikakumbuka Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya walivyoikata kule Somanga, mzigo wa Dar ulikuwa unausubiri kama mwezi mwandamo.

Hapo ndo nikapiga hesabu upya. Kilomita 80 zina maana kama mwisho wa hizo 80 kuna mtu ana tairi kama hiyo dukani. Masasi mpaka Mtwara kwa kupitia Mingoyo ni karibu kilomita 200, ikinipasukia Masasi hizo 80 zinanifikisha wapi? Katikati ya mikorosho. Tairi ya kawaida pancha yake inazibwa na kijana yeyote mwenye pampu na utambi wa kuzibia chini ya mwembe.

Nikaamua zote nne zitoke. Usibadilishe mbili ukaacha mbili, gari itakuwa mbele inasema hivi nyuma inasema vile.

Kununua nako kuna visa. Duka la kwanza mjini kijana akanitolea tairi zinang'aa, zimepakwa kile kimafuta, bei ya kirafiki. Mi ni mkaguzi jamani, nikainama nikasoma ubavuni, kuna kile kidude cha mviringo mrefu chenye namba nne mwisho wa maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Imeandikwa 3817. Yaani wiki ya 38 mwaka 2017, tairi imekaa stoo miaka inazeeka na joto letu hili, halafu ananiambia mpya dada, haijagusa barabara. Kutogusa barabara kweli haijagusa. Nikamwachia.

Mwisho nikaagiza Dar Michelin Primacy 4, 205/55R16 91V, shilingi 340,000 moja, na mzigo wa basi juu yangu. Za Kichina zilikuwepo za 160,000 na sizisemi vibaya, watu wanazitembelea. Ila mimi nilichokuwa nanunua ni ukimya, nikaona nisiwe bahili kwenye kitu kilekile kilichonitoa nyumbani. Hiyo 91 ni uzito, kilo 615 kwa tairi moja, na V ni spidi mpaka 240 ambayo kwa matochi ya trafiki wa huku utaisoma tu ubavuni. Muhimu ni usishuke chini ya namba iliyokuja na gari.

Siku ya kufunga nilikaa palepale kwenye kiti cha plastiki sikutoka. Za zamani ziligoma kutoka, ule ubavu hauminyiki, wakataka kuleta mtaimbo, nikasema mtaimbo kwenye rimu yangu hapana, rudisha mashine. Rimu moja ikakwaruzwa hivyohivyo, kama urefu wa kidole, fundi akaniambia hiyo ilikuwepo. Haikuwepo, nina picha. Akapunguza 10,000 tukamaliza. Balansi wakafanya, alaimenti nikaenda sehemu nyingine.

Nikawasha gari kwa furaha zote, nikatoka kuelekea Mangamba, na wallahi sikuona tofauti. Inadunda. Inarukaruka kama mpira wa makaratasi. Roho ikauma, milioni na laki tatu na zaidi nimezitupa. Nikarudi nyumbani nimenuna. Jioni jirani, mzee mmoja dereva mstaafu wa malori, akaja na geji yake akapima, PSI 42 zote nne. Akaguna. "Mwanangu, hawa wamekujazia upepo wa Fuso." Tukafungua mlango wa dereva, kuna stika pale kwenye nguzo inakwambia kila kitu, tukashusha mpaka ilivyoandikwa, kwangu mimi na begi langu ikawa 32. Mafundi wetu wengi wanajaza kwa makadirio, wanabonyeza wanasikiliza mlio wa pampu basi. Ukibadilisha tairi halafu ukaona hamna jipya, kabla hujamlaumu mtu kapime upepo asubuhi tairi zikiwa baridi.

Kesho yake alfajiri nikaenda Lindi makusudi, sina shughuli Lindi. Vioo juu, AC namba mbili, redio. Zamani nikiwa 80 redio naiweka 18 ndo nisikie taarifa ya habari, safari hii nikajikuta naishusha, 15, 13, ikatulia 11. Kipimo changu ndo hicho. Kuna programu za simu za kupima desibeli, nilijaribu, kila mara inanipa namba yake, nikaifuta.

Mngurumo ule wa mashine ya kusaga umeisha, kimebaki kama kisauti cha upepo na mlio wa lami inapobadilika, lami mpya hausikii kitu, lami ya zamani yenye kokoto kubwa unasikia kwa mbali. Viraka gari inavipita "tup" badala ya "GA". Matuta ya vijijini sikazi tena shingo. Na hapa niwe mkweli, sehemu ya ukimya huu ni upya wa tairi tu, zile za zamani kashata zake, yale matofali ya raba yanayokanyaga lami, zilikuwa zimelika upande kama meno ya msumeno na hizo nazo zinapiga kelele, kwa hiyo usiipe sifa zote kwenye kutoa ranifleti. Ila ule ugumu wa kiunoni, huo ni ranifleti yenyewe.

Kero mpya sasa, kelele kubwa ikiondoka ndogo zinajitokeza. Nimepita Mingoyo nasikia tik, tik, tik. Nikasimama, nikafungua droo ya dashibodi, biki. Nikaitoa. Mbele kidogo naanza kusikia bushi ya nyuma inalia kwenye tuta, na hii imekuwa inalia miezi sijui mingapi mimi sina habari. Bili nyingine hiyo.

Nilichopoteza kipo pia. Usukani umelegea kidogo, zile kona za kushuka Mikindani wiki ya kwanza nilihisi kama gari inajifikiria kabla ya kukata, ranifleti ilikuwa inakata kama mkasi. Nimezoea sasa. Kubwa zaidi ni spea. Huwezi kutoa ranifleti ukabaki mikono mitupu, hiyo ni kujitakia makubwa. Na spea ya BMW huazimi kwa jirani, matundu yake ni matano yaliyopangwa kwenye duara la milimita 120, za Toyota haziingii, na hata wili spana ya jirani haiingii, Toyota nyingi wanatumia ya milimita 21 na sisi 17. Tena hamna nati, ni boliti, kwa hiyo unanyanyua tairi unaanza kutafuta tundu liko wapi huku umepiga magoti kwenye vumbi, fanya mazoezi nyumbani kwanza. Nikapata rimu moja ya mtumba kwa 90,000, jeki, wili spana, na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Sehemu ya kuweka spea hamna, inalala juu ya zulia la buti, nimeifunga kamba ya katani isitambae, nusu ya buti imekwenda. Mama akinituma Lindi ndoo ya samaki inakaa kiti cha nyuma imefungwa mkanda kama abiria.

Taa ya tairi usiogope, kwenye gari kama yangu inasoma mzunguko wa tairi kupitia sensa za ABS, inafanya kazi na tairi za kawaida vilevile, ila lazima uingie kwenye menyu uianzishe upya baada ya kubadilisha au kujaza upepo. Mimi nilisahau, ikanisumbua siku mbili.

Pancha nimeshapata moja, Newala, skrubu. Taa ikawaka mapema, nikaongeza upepo na kale kapampu, nikajikokota mpaka kwa kijana mmoja karibu na stendi, utambi, dakika 10, shilingi 5,000, na akaniuliza dada hii gari ya nani. Spea hata sikuishusha.

Ranifleti tatu zilizobaki ziko uani. Nilimpa moja mzee anayeshona makatambuga, nikaona bora imfae mtu. Baada ya siku tatu kairudisha, kaiegemeza getini, kisu chake kimepinda ncha, anataka nimlipe kisu.