Kibustani chenye umbo la korosho kwenye zege la uani: uzoefu wangu na grainda ndogo

Uani kwa mama, hapa Tanga, pamemwagwa zege ukuta hadi ukuta tangu nikiwa mdogo. Tope liliisha, lakini jua la saa saba likiwaka hupakanyagi bila viatu, na maji ya masika hayana pa kuzama. Mama alitaka asumini na mrehani, na hakutaka kwenye ndoo. Shimo la mraba pia alilikataa. Alitaka kibustani kilichopinda kama korosho, kikumbatie kona ya jiko.

Fundi wa kwanza alikuja na grainda, mashine ya mkononi ya kukatia kwa diski, ya inchi tisa. Kwa mstari ulionyooka mashine ile sina neno nayo, diski yake inashuka sentimita sita na ushei. Lakini diski ni bapa, haipindi. Alipoilazimisha ifuate mchoro ilibanwa ndani ya mfereji, ikaruka na kupita karibu kabisa na goti lake. Nilimwomba azime, nikamlipa nusu siku, tukaagana kwa wema.

Aliyenifaa ni kijana fundi wa vigae, mwenye grainda ya inchi nne na nusu na diski ya almasi yenye meno yaliyoachana. "Dada, hii haitaki nguvu," aliniambia, "inataka kurudia rudia." Maneno hayo ndiyo kazi yote. Tulianika mpira wa kumwagilia juani hadi ukalainika, tukaulaza chini, mama akausogeza mwenyewe kwa mguu mpaka korosho yake ikamridhisha. Tukafuatisha kwa chaki. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kukwaruza tu, milimita tatu hivi, ili diski ipate njia. Wa pili ukashuka kidogo, wa tatu kidogo tena. Kila ukizama mfereji unazidi kupanuka, na upana huo ndio unaoipa diski nafasi ya kugeuka. Pale kwenye kiuno cha korosho, penye mpindo mkali, alikata vipande vifupi vifupi vinavyogusana, kisha akavisawazisha.

Diski hiyo haifiki chini. Inashuka kama sentimita tatu, na zege letu lina kumi. Nilipata wasiwasi hapo, na bure. Mfereji ukishakuwepo, ufa hausambai kwenda nje. Tulianza kubomoa katikati kwa nyundo kubwa, tukamalizia pembeni kwa tindo, taratibu, tukielekea ndani. Ukingo wa chini umebaki na makovu, lakini udongo umeuficha.

Siku ya pili nilishika mashine mwenyewe kwa mita mbili hivi, kwa mikono miwili, kinga ya diski ikiwa mahali pake. Ikikata unasikia mlio mzito wa kutulia. Ikianza kulia juu juu na kuteleza, diski imefumbwa, yaani almasi zake zimefunikwa. Tulikata tofali la saruji na mchanga mara tatu nne, almasi zikatokeza upya. Kila baada ya dakika chache tuliiinua izunguke hewani ipoe. Ukinunua diski, soma namba ya mizunguko iliyoandikwa juu yake. Grainda ndogo nyingi huzunguka mara 11,000 kwa dakika, na namba ya diski isiwe ndogo kuliko ya mashine.

Nitoe nyota nne kati ya tano. Moja naipunguza kwa sababu ya vumbi, na hapa naomba mnisikilize. Vumbi la zege lina silika, ambayo huharibu mapafu yasipone tena, na shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliitaja mwaka 1997 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa usoni hakitoshi kuzuia vumbi hilo laini. Tulivaa barakoa za N95, miwani na vya kuziba masikio, tukafunga madirisha, na jirani tukamwomba aanue nguo zake mapema. Tulilowesha zege kwanza ndipo tukakata, tukisimama kulowesha tena. Maji hatukuyamwagia mashine, maana ni ya umeme, na waya wake ulipita kwenye swichi inayojizima umeme ukivuja. Wenye mashine maalumu ya kukatia kwa maji wako salama zaidi.

Mzingo wa mita sita ulituchukua siku mbili, pamoja na kutoa kifusi. Kabla ya yote tulihakikisha bomba la maji linapita wapi. Chini ya zege udongo ulikuwa umeshindiliwa kama ukuta, tukachimba karibu nusu mita kwa mtaimbo, tukajaza udongo mpya na samadi iliyooza. Asumini imeshika. Mrehani mama ameshaanza kuuchuma.

Masika yakikatika tunakata cha pili, duara kamili kuzunguka mlimau uliobanwa na zege shinani. Kamba ya kuchorea duara nitaifunga kwenye shina lenyewe.